Nyati wa Mfungo Mosi

"Vumbi! Nionyeshe vumbi, Mzee Bushiri! Nimerudi na matope mpaka ndani ya masikio, wewe bado unaniambia habari za vumbi!"

"Liberatus, teremsha sauti. Mtaa mzima unasikia."

"Usikie! Si ndio mtaa huo huo unaoudanganya miaka kumi na moja?"

Nilikuwa nyuma ya mlango wangu, mikono imejaa unga wa maandazi, nasubiri ugomvi ukolee ndipo nitoke. Ukiwahi kutoka, watu wanaona haya wanaacha, na mimi sikutaka waache. Miyomboni yetu ya Iringa, mwaka ule wa hamsini na saba, ilikuwa na redio moja tu, ya Mhindi wa duka la vitambaa. Habari nyingine tulizitengeneza wenyewe. Lakini liliposikika hilo neno la kudanganya, nikatoka na unga wangu, maana lilinigusa mpaka ndani ya nyumba yangu.

Liberatus alikuwa fundi seremala, Mhehe, mtu wa misa kila Jumapili, mwenye mabega mapana kama milango aliyoichonga. Mzee Bushiri alikuwa dereva wa lori aliyekwisha kupumzika, mjukuu wa watu wa Pangani waliokuja bara kwa biashara wakanogewa na baridi yetu. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa, na juu ya minyaa hiyo walitaniana kila siku iliyokwenda kwa Mungu. Asubuhi ile haukuwa utani tena.

Mzee Bushiri alikuwa na hadithi moja kubwa. Mwaka mmoja baada ya vita kwisha, alipeleka mahema na magunia ya unga kwa wapimaji ardhi waliopiga kambi kando ya mto Ruaha, kule chini kupita Idodi. Ilikuwa Mfungo Mosi, Idi ya kufungua imepita siku tatu. Siku hiyo hakuweza kuisahau, kwa sababu mkewe, Mungu amrehemu, alimfungia halua ya Idi kwenye kopo, naye alikuwa ameketi juu ya boneti akiila wakati nyati walipoanza kushuka kutoka milimani kwenda mtoni.

"Usifikiri kundi," alikuwa akisema. "Nchi. Nchi nzima iliamka ikaanza kutembea. Vumbi lilipanda mpaka jua likawa kama chungwa. Nimekula halua, kopo limekwisha, nyati hawajaisha."

Tuliisikia mpaka paka wangu akaijua. Akifika kwenye kopo, lazima mtu mmoja barazani kwangu aulize, "Na tembo je?" Naye anajibu, "Tembo walikuwa wanangoja zamu yao!" Watu wanaangua kicheko, na mimi namimina chai nyingine.

Na tulimwamini. Ungemwona ungedhani ni mtu wa maneno mengi tu, lakini kwenye jambo la watu alikuwa mzito. Ndoa kumi na moja za mtaa wetu mshenga alikuwa yeye, na hakuna hata moja iliyorudi nyumbani kwao na sanduku kichwani. Mwaka ule mdogo wangu Zubery, fundi cherehani, alikuwa amempenda binti wa Mzee Matano wa Mbeya. Nani angekwenda kutusemea kama si Mzee Bushiri? Nilishaanza kuazima sufuria.

Safari ile ya matope aliizua Liberatus mwenyewe, katikati ya Ramadhani, kwa utani wake. "Mzee, Idi ikipita siku tatu twende wote tukawaone. Au nao ni Waislamu, wamefunga?"

"Twende," akajibu Mzee Bushiri, bila hata kugeuza shingo.

Isakwisa, Mnyakyusa mwenye lori la kubebea mpunga, akasema ana safari ya Idodi siku hizo hizo, atatupakia. Tukaondoka watu kumi na saba. Mimi nilibeba pilau, na Paskalina, mke wa Liberatus, akabeba kikapu cha viazi vya kuchemsha. Tuliimba kutoka Iringa mpaka Kalenga, tukakaukiwa na sauti, tukaanza upya.

Ulikuwa mwanzo wa Mei, na mwaka ule mvua ilichelewa kukata. Kupita Idodi lori likazama kwenye udongo mweusi mpaka ekseli. Tulilala hapo siku mbili. Nyasi zilimzidi Liberatus kimo, maji yalikuwa kila bonde, na ule mto ambao Mzee Bushiri alisema aliuvuka kwa miguu juu ya mchanga ulikuwa unanguruma kutoka ukingo huu mpaka ule. Wanyama tuliowaona ni ngiri watatu waliokimbia na mikia juu, na kobe mmoja. Kobe yule alitupita. Sisi tumekwama, yeye anakwenda.

Ndiyo maana ya kelele za asubuhi ile kwenye minyaa.

"Ulisema siku tatu baada ya Idi, tumekwenda siku tatu baada ya Idi," Liberatus alikuwa akihesabu kwa vidole. "Ulisema mchanga, nimekuta mafuriko. Ulisema vumbi, nitazame nilivyo!"

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Mimi sikusema. Kobe ndiye kasema."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, sitakataa. Mzee Bushiri alitutazama mmoja mmoja, akaingia ndani akafunga mlango, mchana kweupe, mtu ambaye mlango wake haukuwa na kazi nyingine ila kuzuia mvua.

Basi lori la Isakwisa halikubeba mpunga tu. Kabla wiki haijaisha, hadithi ya kobe ilikuwa imefika Mbeya, na njiani ilinenepa.

Mwezi uliofuata Mzee Bushiri alipanda basi kwenda Mbeya kumsemea Zubery, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Sasa, kwa watu wetu mshenga ana adabu zake. Akifika anakaa kwenye benchi la barazani. Wakimkubali, ataitwa ndani ale, na mazungumzo yatafanyika baada ya kunawa mikono. Wasipomkubali, ataletewa kahawa pale pale nje, ataulizwa habari za njiani, naye ataelewa bila mtu kumtukana.

Aliletewa kahawa.

Mzee Matano, muuza mchele aliyeheshimika Mbeya nzima, akamwambia kwa upole, na huo upole ndio uliomchoma: "Mzee mwenzangu, mshenga ni macho ya mzazi. Kijana huyo mimi simjui, nitamjua kwa mdomo wako. Mtu anayeona ngiri watatu akasema nyati elfu, kijana wa watu atamwongeza mara ngapi?"

Aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja. Hakukaa kwenye kiti chake, alisimama.

"Mwantumu, dada yangu, mtafutie Zubery mdomo mwingine. Wangu umekwisha kazi."

"Sitafuti," nikasema.

"Utamchelewesha kijana."

"Atachelewa. Cherehani yake ina kazi nyingi."

Nilisema kwa kiburi, lakini moyoni niliumia. Zubery alikuwa anashona suruali miguu haifanani. Na baraza yangu ilipoa. Watu walikuja, wakanywa chai, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza habari za tembo. Hata Liberatus alikuwa akifika kwenye minyaa, anakohoa, anangoja kujibiwa, hajibiwi, anarudi kwenye randa yake.

Mwezi wa nane ukaingia, upepo wa kiangazi unapuliza. Siku moja nilikuwa uani kwa Paskalina tunaanika unga juu ya jamvi. Lori likapita barabarani kwa kasi, vumbi jekundu likatua lote juu ya unga wetu.

Paskalina akashika kiuno. "Haya! Kama lile la Bushiri!"

"La Bushiri lipi?"

"Hukumbuki wewe, ulikuwa hujahamia. Mimi bibi harusi, mwaka wangu wa kwanza nyumba hii. Mama mkwe amekuja kunikagua, nimeanika unga wangu mweupe kama pamba. Bushiri anatoka huko kwa nyati wake na lori lake, vuuu! Unga ukawa kama ugoro. Nilimtukana matusi ya Kihehe ambayo hata mama mkwe hakuyajua. Maskini, akashuka, hana cha kunipa, akanipa kopo la halua. Tupu! Ndilo hili naweka chumvi."

Akalinyanyua kopo kutoka kwenye kizingiti. Rangi yake ilikuwa imebanduka, lakini bado ilionekana picha ya mwezi na nyota.

Nikalitazama lile kopo. Nikautazama unga uliochafuka. "Paskalina. Mama mkwe wako alikuja mwezi gani?"

"Si alikuja sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tarehe kumi na tano Agosti. Akakaa wiki mbili na zaidi, nadhani alitaka kuhamia."

"Agosti?"

"Agosti, mwisho mwisho. Ningeanika unga Mei, kwenye mvua? Mimi kichaa?"

"Lakini Bushiri alikwenda kwenye Idi. Na Idi ilikuwa Mei."

Paskalina akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyevaa kaptula nyuma mbele. "Mwantumu. Idi ya mwaka huu ilikuwa Mei. Ya mwaka jana ilikuwa lini?"

"Mei vile vile, katikati."

"Na ya mwaka juzi?"

Nikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Nimefunga Ramadhani kwenye kipupwe cha Juni meno yanagongana, nimeifunga kwenye jua la Agosti ulimi umekauka. Mtaa mzima wa Waislamu tunaoandama mwezi kila mwaka, tunaojua kabisa kwamba kila mwaka Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, tulipanda lori tukaenda kuwatafuta nyati kwa kalenda ya halua! Na nyati hawajui Mfungo Mosi. Nyati wanajua maji. Wakati ule wa Idi ya Agosti mabwawa ya milimani yalikuwa yamekauka, hawana pa kunywa ila Ruaha. Mei, kila mmoja alikuwa na dimbwi lake mlangoni, ashuke kufuata nini?

"Baba Marcelino!" Paskalina akamwita mumewe. "Njoo hapa, njoo na penseli yako!"

Liberatus akaja. Tukamweleza, mimi na mkewe tukisema kwa pamoja. Akatoa penseli sikioni, akachukua kipande cha ubao wa msonobari, akapiga hesabu. Miaka kumi na moja, kila mwaka siku kumi na moja. Siku mia na ishirini na moja. Miezi minne.

Akakaa juu ya kinu. "Kwa hiyo mzee hakudanganya."

"Alikosea mwezi," nikasema. "Na sisi sote tukakosea naye."

Liberatus akasimama. Aliuchukua ule ubao kwapani, akalichukua na kopo la chumvi, na badala ya kusimama kwenye minyaa akazunguka mpaka mlango wa mbele. "Hodi! Kamwene, mzee!" Alimwamkia Kihehe kama anavyomwamkia baba yake.

Mlango ulichelewa kufunguliwa. Sisi wawili tulikuwa nyuma ya Liberatus, na nyuma yetu nusu ya mtaa. Mzee Bushiri aliusoma ubao, akaugeuza, akausoma tena. Kisha akalishika kopo, akanusa ndani.

"Lilikuwa linanukia iliki," akasema.

"Mzee, nilikuita mwongo mbele za watu. Mbele za watu hao hao nasema nimekosa."

Mzee Bushiri akatutazama, na polepole nikaona lile jicho lake la zamani linarudi. "Kwa hesabu yenu, nyati wanashuka sasa. Wiki ijayo ni Mfungo Tano. Mwezi wa mikosi huo! Babu zangu hawakufunga safari ndani ya Mfungo Tano."

"Babu zako hawakuaibishwa na kobe," akasema Liberatus.

Kicheko kilichotoka pale kilimwamsha Mhindi wa vitambaa kwenye usingizi wake wa mchana.

Barua kwa Mzee Matano tuliandika siku ile ile. Haikuwa barua ya posa. Mzee Bushiri alisema, na Zubery akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Sikuombi uniamini. Nakuomba uje utazame." Jibu lilikuja na dereva wa Mbeya, mstari mmoja: "Nitakuja, na nikikuta ngiri nitahesabu ngiri."

Alifika na bakora, mwavuli, na tasbihi ya punje tisini na tisa. Alilala kwangu, kitanda cha Zubery, naye Zubery akalala juu ya meza ya cherehani kwa furaha. Asubuhi lori la Isakwisa likajaa tena, safari hii watu ishirini na watatu, maana waliocheka mara ya kwanza wote walitaka kuwapo. Kutoka Kalenga kwenda chini barabara ilikuwa ngumu kama kigae. Vumbi lilitufuata nyuma kama mkia. Kila Liberatus alipokohoa, alinigeukia. "Unaona? Vumbi!" Alilisema kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

Tulilala Idodi kwa Yohane, mkulima aliyeujua mto ule kama shamba lake. Asubuhi akatupeleka juu ya jabali pana lililoutazama mto, akatupanga upande ambao upepo ulitoka mtoni kuja kwetu, akatuonya tusishuke wala tusiimbe. Kunikataza mimi kuimba ni kazi, lakini nilinyamaza. Ruaha ilikuwa imebaki mchanga mweupe, na katikati mkondo mwembamba wa maji. Mbung'o walituuma mpaka kwenye nyayo. Mzee Matano alifungua mwavuli, akaketi kwenye kigoda, tasbihi mkononi. Mzee Bushiri aliketi mbali kidogo. Saa mbili ikapita. Swala wachache wakanywa maji wakaondoka. Saa tatu.

"Ngiri hawajaja," akasema Mzee Matano.

Hakuna aliyecheka. Niliutazama mgongo wa Mzee Bushiri, sikuona ukitikisika.

Yangeyange ndio waliotangulia, weupe, wakipaa na kutua juu ya miti ya ng'ambo. Kisha Yohane akanyoosha kidole kuelekea milimani. Kulikuwa na moshi mwekundu chini ya mlima, nikadhani watu wanachoma pori. Moshi ule ukaanza kuja.

Tulisikia kabla ya kuona. Jabali lile, jiwe lisilojua hofu, nililisikia likitetemeka chini ya makalio yangu. Halafu vichaka vya ng'ambo vikafunguka, nyati wakatoka. Wa mbele walikuwa majike wazee, pembe zimechakaa, wanatembea bila haraka kama wanawake wanaokwenda kisimani wakijua zamu ni yao. Nyuma yao ukingo mzima ukawa mweusi. Wakashuka kwenye mchanga, wakaingia majini, na waliokuwa nyuma wakawasukuma wa mbele, na waliokuwa nyuma ya wale bado walikuwa wanatoka kwenye vichaka, na nyuma ya hao vumbi bado lilikuwa linashuka mlimani. Ndama walikuwa wanalia kama ng'ombe wa mtu. Harufu ikatufikia, zizi la dunia nzima. Nikatazama juu. Jua lilikuwa chungwa.

"Vumbi!" Liberatus alinong'ona, machozi yamemchora mistari miwili kwenye mashavu mekundu. "Vumbi, vumbi, vumbi!"

Mzee Matano alikuwa anahesabu. Punje moja, nyati mmoja. Tasbihi ilizunguka mara moja, mbili, tano. Kwenye mzunguko wa kumi na tatu vidole vikasimama. Aliitazama tasbihi, akalitazama lile pori ambalo bado lilikuwa linatoa nyati, akaiweka mfukoni. Akafunga mwavuli.

"Na tembo je?" akauliza, bila kumgeukia mtu.

Sisi watu wa Miyomboni tulishikana mikono. Mzee Bushiri, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu alfajiri, akaangalia juu ya mto, mahali ambapo masikio makubwa yalikuwa yanapepea kati ya migunga.

"Wanangoja zamu yao," akasema.

Kwenda Mbeya tulikwenda wiki mbili baadaye, kwa mkosi wa Mfungo Tano au bila mkosi, Mzee Bushiri hakutaka kungoja mwezi mwingine. Nilifuatana naye mimi, kwa sababu dada wa bwana harusi ana haki ya kuona, na Liberatus, ambaye hakuwa na haki yoyote ila alisema hawezi kubaki. Alikuwa amebeba sanduku la msonobari alilolichonga usiku na mchana kwa ajili ya bibi harusi, kufuli ya shaba mbele.

Tulifika Mbeya saa sita mchana, ukungu bado uko mlimani. Mzee Bushiri alikwenda kwenye lile benchi, akaketi pale pale alipoketi siku ya kahawa, akaweka mikono juu ya magoti. Alikuwa na barua ya posa mfukoni na hakuigusa. Mimi na Liberatus tukabaki uani tumesimama na sanduku letu. Ndani tulisikia sahani zinagongana, na sauti za wanawake wengi, nyumba imejaa, harufu ya kuku wa nazi inatoka dirishani. Mtu akacheka. Nilitamani kujua anacheka nini.

Pazia likafunguliwa. Alitoka mke wa Mzee Matano, Bi Mwanakhamisi, kanga mabegani, mwiko mkononi. Alimtazama Mzee Bushiri pale kwenye benchi, akatutazama na sisi.

"Sasa nyinyi huko nje mnaota jua na nani?" akasema. "Mzee Bushiri, ingia ndani ule, wali unapoa. Nao hao wenzako waingie. Na hiyo habari ya nyati usianze mpaka nimekaa, maana mume wangu anaisimulia vibaya."